Wachache na Wachache

Wewe una marafiki wangapi? Usinitajie idadi, idadi si hoja. Nijibu hili tu: ni wachache, au ni wachache?

Ukiona swali hilo halina kichwa wala miguu, hujakosea. Kwa Kiswahili wachache ni wachache, basi, tumemaliza. Kiingereza kina wachache wa namna mbili. Ukisema una "a few friends", msikilizaji ataelewa kwamba wapo, hata kama si jeshi; jioni hukosi wa kucheza naye karata. Ukisema una "few friends", umemwambia kwamba siku ukishikwa na homa utajipikia uji mwenyewe, na kijiko utakitafuta mwenyewe. Kati ya karata na uji kuna herufi moja tu, ile ambayo mtoto wa chekechea huiimba kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mtu ninayetaka kukusimulia habari zake aliijua tofauti hiyo nje ndani. Aliwafundisha madaktari na maprofesa. Na siku ilipokuja kujilaza mezani kwake, mbele ya macho yake na miwani yake, hakuiona.

Walimwita Baba Nukta. Mahali pale kila mtu mzima aliitwa kwa mtoto wake, na yeye hakuwa na mtoto, kwa hiyo wenzake kazini wakamtafutia. Nukta, kile kidoa kinachofunga sentensi, ndiyo iliyokuwa ikimtoa jasho kila siku, maana wanasayansi ni watu wa kuanza sentensi asubuhi na kuimaliza baada ya chakula cha mchana. Yeye aliwakata katikati, akawatilia nukta, akawapa pumzi. Alilipokea jina hilo kwa heshima. "Nukta wangu ana adabu," alikuwa akisema. "Nikimwambia kaa hapa, anakaa hapa. Nioneshe wako."

Kazi yake ilikuwa kusahihisha Kiingereza katika taasisi ya utafiti wa mifugo. Hakuna makala ya sayansi iliyotoka pale kwenda kwenye majarida ya ng'ambo bila kupita chumbani kwake, mwisho kabisa wa ukumbi, mlango uliokuwa wa stoo ya dawa. Stoo ilihama, harufu ikabaki. Ndani mlikuwa na meza, birika la umeme, rafu ya kamusi zilizovimba kwa unyevu, na viti viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mwenye makala, na kilikuwa kimebonyea katikati kwa sababu kwa miaka mingi watu waliokikalia walikuwa wakijikunyata.

Dirisha lilitazama nyuma ya jengo: kijalala cha karatasi, kipande cha majani, kisha ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta ndiko walikokuwa mbuzi wa majaribio. Baba Nukta aliwasikia wakilia kila siku ya kazi. Hakuwahi kuwaona hata mara moja. Wagonjwa wale hawakuruhusiwa kutoka, na yeye hakuwa na sababu ya kuingia. Mbuzi wake walikuwa wa karatasini.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na kama kuna kitu alichorithi, ni kufumua. Utotoni alikaa chini ya meza ya baba yake akifumua mishono iliyokwenda upande, uzi kwa uzi, bila kuchana kitambaa. "Mshono mzuri hauonekani," mzee yule alimwambia. "Mtu akikuuliza umeshona wapi, umefaulu." Akakua na neno hilo. Alisoma lugha chuoni, akafikiri atakuwa mwalimu, akaishia pale stoo, akifumua Kiingereza cha wenzake na kukishona upya. Alifumua "researches" ikawa "research", akafumua "equipments" ikawa "equipment", maana Kiingereza kina ubahili wa ajabu: kina vitu tele lakini hakitaki vihesabiwe. Alikuwa na vita vya binafsi na neno "prove".

"Umethibitisha?" alikuwa akimuuliza mtafiti kijana, huku kalamu nyekundu ikining'inia hewani. "Wewe na nani? Malaika?"

"Lakini Baba, majibu yako wazi."

"Yako wazi leo. Andika kwamba yanaashiria. Sayansi ni mgeni mwenye adabu, mwanangu. Inabisha hodi, haipigi teke mlango."

Hapo aliyekaa kwenye kiti kilichobonyea alicheka, birika likachemka, na Kiingereza kikasonga mbele aya moja.

Usidhani ninashangilia utaratibu wenyewe. Utaratibu wenyewe unakera. Ugonjwa uko kwetu, mifugo inayokufa ni yetu, waliokesha zizini na vipimajoto ni vijana wetu. Kisha ili ulimwengu uwasikie wanatakiwa kwanza waoneshe kwamba wanajua pa kuweka "the". Mtu anaweza kuwa na tiba mfukoni akarudishwa mlangoni kwa kosa la kihusishi. Kuna siku tutaandika sayansi yetu kwa lugha tunayoota nayo ndoto, na tutasomana wenyewe kwa wenyewe bila kuomba ruhusa. Lakini siku hiyo ilikuwa haijafika, na mpaka ifike lazima awepo mtu wa kusimama mlangoni na kuwanyoosha kola wanaoingia. Baba Nukta alikuwa mtu huyo. Wengine walimwita bawabu. Yeye alijiona fundi.

Ufundi huo ulimgharimu. Zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi, kulikuwa na muuguzi aliyempenda. Muuguzi yule, ili kumheshimu mtu wa lugha, alimwandikia kadi ya siku ya kuzaliwa kwa Kiingereza. Aliandika kwamba hata Baba Nukta akiondoka, bado anaisikia harufu yake chumbani. Sisi tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Masikio yetu yana kazi nyingi. Kwa hiyo yule dada wa watu akaandika "hear". Baba Nukta alifurahi, akaibusu kadi, kisha mkono wake wa kufumua ukamshinda. Alikata "hear" kwa mstari mwembamba, akaandika juu yake "smell", akampelekea aone alivyomsaidia. Muuguzi aliisoma. Akacheka kidogo, kicheko kifupi cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Hakuandika tena, na baada ya muda hakuja tena.

Miaka mingi baadaye ndipo Baba Nukta alipokubali kwamba "hear" ilikuwa nzuri zaidi. Wakati huo hakuwa na wa kumwambia.

Alikuwa na dada yake mdogo, aliyeolewa mbali, aliyempigia simu Jumapili.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na sahani."

"Kaka, wewe umeoa koma. Na koma haizai."

"Koma ina subira, dada. Inasubiri kinachofuata."

"Basi endelea kusubiri," dada alisema, wakacheka wote wawili. Simu ilipokatika, kila mmoja aliacha kucheka kwa wakati wake.

Kisha ikaja mashine. Sikumbuki ni nani aliyeanza kuitumia pale kwenye taasisi, lakini katika mwaka mmoja kila kompyuta ilikuwa na kile chombo kinachosahihisha Kiingereza kabla hujaondoa kidole. Kilijua "researches". Kilijua "equipments". Hakikuuliza mtu kama yeye ni malaika. Watu waliipenda mashine kwa sababu haikuwaona wakikosea. Mmoja baada ya mwingine wakaacha kwenda mwisho wa ukumbi. Walipokutana na Baba Nukta kwenye ngazi walimwamkia kwa bidii kupita kiasi, kama watu wanaokwepa fundi wao baada ya kununua nguo za dukani. Mkuu wa idara alimwambia asijali, chumba ni chake mpaka astaafu. Akabaki na chumba. Birika alilijaza maji nusu, kisha robo.

Aliyebaki kuja alikuwa mmoja: binti mmoja daktari wa mifugo, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye wote walimwita Daktari wa Mbuzi. Hakuiamini mashine. "Inakubali kila kitu ninachosema," alilalamika. "Hata mama yangu hanikubalii hivyo."

Alikuja na makala iliyokuwa imetafunwa na kutemwa. Habari yake ilikuwa hivi. Kuna homa ya mapafu inayoua mbuzi. Mbuzi akishalala chini, mfugaji hunoa kisu, maana hajawahi kuamka hata mmoja. Daktari wa Mbuzi alijaribu dawa yake kwa wale waliokwisha kulala chini, na akaandika alichokiona. Jarida la ng'ambo likamrudishia. Msomaji wao, mtu asiye na jina wala uso, alikuwa ameandika pembeni: mwandishi anakiri kwamba mbuzi waliopona hawakuwa wa kutajika, kisha anahitimisha kwa matumaini, hitimisho lipunguzwe, au makala ikataliwe. Alipewa nafasi moja ya kurekebisha. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo mkataba wake pale ulipokuwa unaisha. Nafasi ya masomo ng'ambo ilimsubiri kwa sharti moja, makala iwe imerudi jaridani kwa wakati. Ikichelewa, atafunga sanduku arudi kwao bila dawa na bila masomo.

"Baba, ni wewe tu," alisema, akikaa kwenye kiti kilichobonyea bila kujikunyata. "Nikazie nati zote. Nataka warudi wasipate pa kushika."

Baba Nukta akalijaza birika hadi juu.

Siku za kwanza alifanya kazi kweli. Alifumua sentensi ndefu, akaondoa "prove" zote, akamfundisha kwamba "data" ni wingi na "evidence" ni umoja. Kila saa kumi alasiri Daktari wa Mbuzi alipiga mlango teke, maana mikono ilikuwa na karatasi na vikombe, akakaa, wakabishana, wakanywa chai. Alimsimulia habari za mbuzi: yupi mkorofi, yupi alimlia kifungo cha koti. Usiku aliyaandika masahihisho kwenye kompyuta, kesho akaja na karatasi safi.

Tatizo ni kwamba kazi iliisha. Iliisha mapema, mchana mmoja wa kawaida, mlango ukiwa wazi na ukumbi hauna mtu. Baba Nukta aligeuza ukurasa wa mwisho akaona hakuna kilichobaki. Alisikiliza nyayo za watu wakishuka ngazi kwenda kula. Hakuna aliyechungulia. Akarudi ukurasa wa tatu, akatafuta "that" iliyokuwa imekaa vizuri mahali pake, akaikata, akaandika "which".

"Bado kidogo," alimwambia alasiri.

Kesho yake aliikata "which" akarudisha "that". Siku iliyofuata alirudisha "which", akahamisha koma, akaleta hoja ndefu kuhusu koma hiyo, hoja yenye historia na mifano, na vikombe viwili vya chai. Penye hitimisho alimshauri amtii msomaji wa jarida.

"Punguza tu, mwanangu. Sema dawa haikuonesha nguvu ya kutosha."

"Lakini ilionesha."

"Umeandika mwenyewe waliopona ni wachache."

"Ndiyo. Wachache."

"Basi."

"Basi nini, Baba? Hao ndio wenyewe."

Walikuwa wakizungumza lugha moja na kila mmoja akishangaa ukaidi wa mwenzake. Mjadala huo nao ulikula alasiri nzima, na Baba Nukta hakusikitika.

Alhamisi Daktari wa Mbuzi hakupiga mlango teke. Aliusukuma polepole, akaufunga nyuma yake. Hakuwa na vikombe. Alikuwa na mafungu ya karatasi, la Jumatatu, la Jumanne, la Jumatano, akayapanga mezani ubavu kwa ubavu kama karata.

"Baba, nisaidie. Ukurasa wa tatu. Hii 'which' si ndiyo uliyoiandika Jumatatu?"

Baba Nukta alivua miwani, akaifuta.

"Halafu hapa, juzi, umeiondoa. Halafu jana umeirudisha tena. Nikadhani mimi ndiye mjinga sielewi. Nikakaa naisoma sheria ya 'which' na 'that' mpaka macho yananiuma. Kumbe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sheria yenyewe ina utata..."

"Kesho ni Ijumaa."

"Najua."

"Unajua," alisema binti, na sauti ile ya kuitia ng'ombe ikawa ndogo. "Kila mtu aliniambia achana na yule mzee, anakupotezea muda, tumia mashine. Nikawajibu nyinyi hamumjui. Kwa nini, Baba? Nimekukosea nini?"

Angeweza kusema lolote. Alikuwa mtu wa maneno, na kamusi zote zile zilikuwa nyuma yake. Nje, nyuma ya ukuta, mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

"Ukimaliza," alisema, "hutarudi."

Daktari wa Mbuzi alimtazama. Kisha akatazama chumba, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia: rafu, birika, kiti chake yeye, na kile kingine.

"Ungeniambia tu nije ninywe chai," alisema. "Ningekuja."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomwingia. Baba Nukta alitaka kuomba radhi, akakuta maneno ya kuomba radhi hayapangiki. Akafanya alichokijua. Alivuta makala karibu, akavaa miwani.

"Kaa," alisema. "Tumalize leo. Mara moja, toka mwanzo, bila mchezo."

Binti alikuwa amekwisha fika mlangoni. Alisita mkono kwenye kitasa, akarudi. Akakaa.

Wakasoma kwa sauti, yeye aya moja, binti aya moja. Kila "that" ilirudi kwao. Walipofika kwenye majibu ya utafiti, zamu ilikuwa ya Daktari wa Mbuzi. Aliisoma ile sentensi kwa Kiingereza, "Few of the goats survived", kisha akashindwa kujizuia.

"Na hapa ndipo unaponitaka nijiue mwenyewe. Siandiki kwamba dawa haikufaa, Baba. Nilikuwepo. Nilikaa na wale mbuzi chini kwenye kinyesi. Mfugaji wao alikuwa ameshaniambia bei ya ngozi. Asubuhi naingia, mmoja kasimama. Miguu inatetemeka kama ya mtoto wa siku moja, lakini kasimama, ananitafuna mfuko. Halafu mwingine. Wachache, nakubali. Lakini wapo. Hapo awali hakuwahi kuwepo hata mmoja."

Alikuwa akitabasamu akisema "wachache". Neno lenyewe lilitoka mdomoni limeinua kichwa.

 Baba Nukta aliiinamia karatasi. Neno hilo hilo lilikuwa limelala pale tangu siku ya kwanza, yeye analipita, anakwenda kuwinda koma. Alikuwa amelisoma mara nyingi na kila mara akaliona sahihi, kwa sababu lilikuwa sahihi. Sarufi haikuwa na kasoro, mashine isingelipigia mstari. Lilikuwa neno lililomzoea. Chumba chake kilikuwa na "few". Simu yake ilikuwa na "few". Mtu aliyekaa muda mrefu na wachache wa namna hiyo haoni kwa nini awaulize wanakokwenda.

"Sema tena," alisema.

"Nini?"

"Walipona wangapi? Sema kama ulivyosema."

"Wachache. Wapo."

Alishika kalamu nyekundu. Mbele ya "few" aliandika herufi moja, ndogo, ya mviringo, akaipa mkia. Akageuza karatasi ili binti aone.

Daktari wa Mbuzi aliisoma. Akaisoma tena midomo ikichezacheza.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ulichoandika wewe kilikuwa kinasema karibu wote walikufa na hakuna la kutumainia. Hii inasema wapo waliosimama. Hitimisho lako usiliguse. Liko sawa. Lilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Yaani wamenikatalia mbuzi wangu kwa herufi 'a'."

"Na mimi nimekukatalia pia," alisema Baba Nukta. "Wao hawakuwa na wa kumuuliza. Mimi, wewe ulikuwa umekaa hapo."

Mabega ya binti yakaanza kutikisika, na Baba Nukta akadhani analia, akanyoosha mkono kutafuta kitambaa. Alikuwa anacheka. Alicheka akajifuta macho kwa kiganja, akasema lugha hii imelaaniwa, akasema siku moja ataandika makala nzima kwa Kiswahili na wao ndio watafute wa kuwasomea. Baba Nukta akasema siku hiyo atamkagulia nukta. "Bure?" binti akauliza. "Kwa chai," akajibu.

Makala iliondoka jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, kwa kompyuta ya chumba cha juu. Baba Nukta hakwenda kuitazama ikiondoka. Alisikia hatua za binti ukumbini, mbio, kisha ngazi, kisha sauti yake ikimwita mtu nje, kisha hakuna. Hakurudi kuaga, na Baba Nukta hakumlaumu. Mtu mwenye kufunga sanduku ana mengi. Aliyakusanya mafungu ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, yote yamejaa nyekundu yake, akayatia kapuni. Aliosha kikombe kimoja. Akaona cha pili, akakiosha nacho, ingawa kilikuwa safi.

Asubuhi yake alifika mapema kama kawaida. Mfagizi alikuwa amekwisha pita. Kapu lilikuwa tupu na karatasi zilikuwa kijalalani. Alifungua dirisha ili harufu ya stoo itoke.

Geti dogo kwenye ule ukuta mrefu lilikuwa wazi. Hakuwa amewahi kuliona likiwa wazi. Mtunza mbuzi, mwanamume mfupi mwenye buti za mpira, alisimama kando yake akipiga mluzi, na baada ya muda wakatoka. Walitoka mmoja mmoja, wakisimama kwanza kizingitini kulinusa jua. Shingoni kila mmoja alikuwa na mahali paliponyolewa, pale walipokuwa wakitolewa damu. Mbavu zilihesabika. Wakafika kwenye majani, wakainama.

"Wametoka karantini, mzee," mtunza mbuzi alimwambia kutoka chini, alipomwona dirishani. "Daktari kaacha agizo jana, asubuhi hii wapitishwe huku nyuma, chini ya dirisha lako. Sijui kwa nini. Huku hata majani ya maana hakuna."

 Baba Nukta alitoka chumbani, akapita ukumbi, akashuka ngazi, akazunguka jengo, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote ile, akasimama penye ukingo wa majani na viatu vyake vya ofisini.

Mmoja wao, jike jeusi lenye sikio lililochanika, alikuwa ameachana na wenzake. Alikwenda moja kwa moja kijalalani, akachagua, akavuta karatasi moja. Ilikuwa ukurasa wa tatu. Baba Nukta aliutambua kwa wekundu wake, "that" juu ya "which", "which" juu ya "that".

"Wewe! Toka hapo!" Mtunza mbuzi aliinua fimbo.

"Mwache," alisema Baba Nukta.

Mbuzi akatafuna taratibu, taya zikienda upande, akimtazama. Kipande cha mwisho kilicheza kidogo mdomoni, kikaingia. Akameza, akainama, akatafuta nyingine.